Acheni Mzee Aingie na Maawisi Yake

Mzee mmoja wa Mandera, baba wa kijana niliyemfundisha zamani, alinipigia simu asubuhi moja akiwa Nairobi. Alikuwa amesafiri kwa basi njia yote ile, zaidi ya kilomita 1,000, kufuatilia karatasi za mwanawe katika ofisi moja ya umma, na bawabu alikuwa amemzuia mlangoni. "Maalim," aliniambia, "huyu kijana anasema nirudi nikavae nguo." Nikamuuliza amevaa nini. Shati jeupe la mikono mirefu, lililopigwa pasi. Koti. Kofia ya kufumwa kwa mkono, shali begani, viatu vya ngozi. Na kiunoni, maawisi mpya ya miraba ya buluu aliyoinunua kwa ajili ya safari hiyo hiyo. Machoni pa yule kijana wa mlangoni, mtu huyu alikuwa hajavaa.

Nikamfuata. Hatua chache kutoka pale palikuwa na mchuuzi wa mitumba, tukanunua suruali kwa shilingi 300. Mzee aliivaa papo hapo kando ya barabara, ndani ya maawisi, na katika umati wote ule wa saa tatu asubuhi hakuna aliyeona hata goti lake. Kisha akaitoa maawisi, akaikunja mara nne, akaitia kwapani. Suruali ilimpwaya, na mshipi hatukuwa nao. Basi akaingia ofisini ameishikilia kiunoni kwa mkono wa kushoto, karatasi mkono wa kulia. Bawabu akampisha kwa heshima zote.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku ile niliuona msemo huo ukitembea kwa miguu. Mtu aliyekuja amesitirika kwa nguo yake alilazimishwa kuingia kwa nguo isiyo yake, akahangaika nayo mbele ya makarani walio na umri wa wajukuu zake. Nami nasema hivi: maawisi ni vazi kamili. Lina ufundi wake na adabu zake, ni ndugu wa nguo za kiunoni zilizovaliwa ukanda huu tangu kabla ya suruali kujulikana, na ofisi ya umma inayomrudisha mvaaji wake inakosea.

Kabla sijamlaumu bawabu, nikiri ujinga wangu mwenyewe. Mimi ni mtoto wa Lamu. Nilipokwenda kufundisha Mandera niliamini kwamba katika mambo ya kujifunga nguo kiunoni hakuna wa kunifunza. Jioni ya kwanza, joto likiwa bado limekalia mji, nilitoka uani na kikoi changu. Mwenye nyumba, mzee wa ndevu za hina, alinitazama nilivyoketi, akanitazama nilivyoinuka huku nimekidaka kikoi kwa kiganja, akaniuliza: "Maalim, hiyo umeifunga au umeiomba?"

Tofauti inaanzia kwa fundi wa cherehani. Kikoi cha pwani ni kitambaa kilicho wazi, chenye mapindo ya rangi na matamvua ncha zote mbili. Unakizungusha, upande mmoja unaupanda mwingine, unachomeka. Maawisi, ambayo Wasomali huiandika macawiis na hiyo c huitamka kama aini ya Kiarabu, hushonwa ncha kwa ncha ikawa kama gunia lisilo na kitako. Unaingia ndani yake. Unaipandisha hadi kitovuni, unaivuta ikubane mgongoni, na kitambaa chote cha ziada unakibakiza mbele. Ziada hiyo unaikunja kama mtu anayefunga bahasha: upande mmoja unakuja katikati, wa pili unalala juu yake. Mgeni akifika hapo huchomeka akaenda zake. Mwenyeji haendi. Hushika ukingo wa juu akauviringa kwa nje kuelekea chini, mara mbili, tatu, nne, akiuzungusha kiuno chote, mpaka ukingo ukawa kamba nene ya kitambaa. Kamba hiyo ndiyo mshipi, na ndani ya mkunjo wake hukaa noti na kijiti cha mswaki.

Mzee alinifunga kwa mikono yake, akarudi nyuma hatua mbili. "Ruka," akasema. Nikaruka. "Chuchumaa." Nikachuchumaa. "Sasa kimbia mpaka mlangoni." Majirani walicheka hadi wakachoka, lakini maawisi haikuteleza hata kidole kimoja. Ile mikunjo ya mbele, ambayo nilidhani ni mapambo, ndiyo inayofunguka ili mguu upate nafasi ya hatua ndefu. Mtu aliyejifunga vizuri anaweza kumfukuza ngamia aliyeasi.

Baada ya miezi michache nilianza kuwasoma watu kwa viuno vyao. Mchungaji aliyetoka upande wa Takaba alifunga juu, pindo likikaribia goti, na juu ya mkunjo akakaza mshipi wa ngozi, kwa kuwa siku yake ni ya miiba na mwendo. Wapakuzi wa malori sokoni walizikamata pindo za chini wakazichomeka kiunoni, nguo ikawa nusu ya urefu wake, na kazi ilipokwisha wakaziachia zishuke kabla ya kuingia hotelini kunywa chai. Ijumaa ilikuwa na maawisi yake, iliyopigwa pasi, pindo likiishia juu kidogo ya vifundo vya miguu kama wacha Mungu wengi wanavyopenda. Vijana walioshinda na jinzi mchana kutwa walizivua magharibi, na ukipita barazani usiku utawakuta wamevaa maawisi na fulana za Arsenal, wakibishana.

Na kujifunga kiunoni ni sehemu tu ya kazi yake. Usiku maawisi hupandishwa hadi shingoni ikawa shuka ya kulalia. Mtoni Daua, ambako ng'ambo ni Ethiopia, ndiyo chumba cha kuogea na cha kubadilishia nguo. Njiani huwa kilemba dhidi ya jua au mkeka wa kuswalia, na mbuzi akizaa safarini, kitoto hubebwa ndani yake. Yule mzee wangu wa Nairobi, alipoivaa suruali barabarani bila kuonekana goti, hakufanya mazingaombwe. Alikuwa akifanya jambo alilolifanya tangu utotoni.

Niliporudi pwani nikagundua kwamba Kiswahili chenyewe kimejifunga nguo kiunoni, ila tumesahau. Mvuvi anayepitisha shuka katikati ya mapaja na kuichomeka nyuma ili aingie majini amepiga uwinda. Anayeipitisha begani, kama wafanyavyo Wamaasai, amevaa lubega. Mwanamke anayejikaza kanga kiunoni ili atwange au acheze ngoma amejifunga kibwebwe, na mwanamume aliyejizungushia kitambaa kiunoni tayari kwa kazi amejifunga masombo. Unguja watakuambia msuli. Hata saruni, jina lililotoka kwa Wamalei, limo katika kamusi zetu. Lugha haitungi maneno mengi hivi kwa ajili ya kitu cha chumbani. Wanasiasa wetu hutuhimiza kila mwaka tujifunge kibwebwe, na wao wanayasema hayo wamevaa tai.

Wanawake wa Kisomali nao walikuwa na guntiino: kitambaa kirefu kinachofungwa fundo juu ya bega moja, kikashuka kikizungushwa mwilini na kukazwa kiunoni. Mandera ya leo utaiona zaidi harusini na siku za utamaduni. Siku nyingine ni jilbabu au dirac, vazi lile lile ambalo sisi wa Mombasa na Lamu tumelikopa pamoja na jina, tukaliita dera. Nguo katika ukanda huu hazijawahi kuuliza mpaka uko wapi.

Wanaosema maawisi ni ushamba wangefaa wasome kidogo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alishuka Mogadishu. Aliandika juu ya vitambaa vilivyofumwa katika mji huo na kupelekwa hadi Misri, akasifu kuwa havina mfano. Ilipofika Ijumaa, mtawala alimpelekea mavazi ya heshima ili aende nayo msikitini: kanzu ya kitani cha Misri, joho, kilemba, na futa ya hariri ya kufunga kiunoni. Watu wa huko, anaeleza, walivaa futa mahali pa suruali kwa sababu suruali hawakuijua. Zingatia nguo aliyovikwa mgeni mashuhuri kwenda kusimama mbele ya mfalme, karibu miaka 700 iliyopita. Kitambaa cha kiunoni kilikuwa sehemu ya vazi la ikulu.

Wafumaji wa Benadir, pwani ya Mogadishu, waliendelea na vitambaa vyao vya alindi karne baada ya karne. Katika karne ya 19 pamba ya viwanda vya Marekani ikamiminika Zanzibar kwa meli za wafanyabiashara wa mji wa Salem, ikaenea bara, na mpaka leo kitambaa kile cheupe tunakiita merikani. Maawisi nyingi zinazouzwa sasa Mandera hufumwa Indonesia, ambako wanaume mamilioni huzivaa msikitini na nyumbani. Wayemeni nao huvaa nguo kama hiyo na kuiita maawaz, jina ambalo kila mwenye sikio atasikia ujamaa wake na letu. Ramani ya nguo hii inaanzia Java, inapita India na Yemeni, inafika Lamu, Mogadishu na Mandera. Ni ramani ya pepo za kaskazi na kusi. Nairobi haimo, na pengine ndiyo sababu Nairobi hushangaa.

Ndani ya Somalia nguo hii imepata hata jina la kijeshi. Wafugaji na wakulima wa katikati ya nchi waliojitolea kupigana na Al-Shabaab, na waliopata umaarufu mkubwa mwaka 2022, walipewa jina Macawiisley, yaani wenye maawisi. Jina lilimaanisha raia wa kawaida, mtu aliyetoka nyumbani kwake alivyo.

Sasa tumtazame bawabu. Kanuni yake hakuitunga yeye. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba suti za Kaunda na mavazi ya kiasili ya Kiafrika hayaruhusiwi bungeni; mwanamume ataingia na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu, au sare ya kazi. Ikiwa mwakilishi wa wafugaji hawezi kuingia bungeni na nguo ya wafugaji, bawabu wa ofisi ya chini afikirie nini? Amefundishwa na waliomzidi cheo kwamba serikali ina suruali.

Kinachochekesha ni kwamba nchi hii hii iliwahi kulitafuta vazi lake. Mwaka 2004, kwa ufadhili wa kampuni ya sabuni, wabunifu walizunguka, michoro ikapigwa, wananchi wakaulizwa, vazi la taifa likazinduliwa kwa shangwe. Mara ya mwisho umemwona nani amelivaa? Walibuni nguo mpya wakati zile za zamani zilikuwa zinaning'inia sokoni: kikoi Lamu, leso Mombasa, shuka Narok, maawisi Mandera. Zote nne ni kitambaa kisichokatwa kufuata mwili wa mtu. Mwili wenyewe ndio unaojua namna ya kukivaa.

Najua majibu yatakayonijia. La kwanza ni kwamba nguo isiyo na kifungo itaanguka. Yule aliyeingia ofisini ameshika nguo isianguke alikuwa amevaa suruali. La pili ni usalama kazini, na hilo nalikubali. Sitaki mtu akae mbele ya mashine inayozunguka, au apande mlingoti wa umeme, na pindo linapepea. Sare za kazi zina maana yake. Lakini mwananchi anayekuja kuuliza karatasi zake hapandi mlingoti. La tatu ndilo zito: leo maawisi, kesho kila jamii itadai lake, na ofisi zitakuwa uwanja wa ngoma. Jibu langu ni kwamba sheria iseme inachotaka kulinda. Kama ni stara na usafi, iseme mtu awe amesitirika na awe safi. Ikianza kutaja umbo la nguo, hapo hailindi stara tena; inalinda desturi ya watu fulani dhidi ya desturi ya wengine.

Wenzetu wamelipitia hili. Julai 2014, jaji wa Mahakama Kuu ya Madras, nchini India, alizuiwa kuingia klabu moja ya mji wa Chennai kwa sababu alivaa veshti, kitambaa cheupe cha kiunoni cha Watamil. Mwezi uliofuata bunge la jimbo la Tamil Nadu lilipitisha sheria inayokataza klabu na kumbi za umma kumfukuza mtu kwa vazi hilo, na atakayekaidi anaweza kupoteza leseni. Myanmar wabunge wamewahi kukaa bungeni na longyi, nguo yao ya kiunoni. Na kila mwaka wakati wa Hija huko Maka, rais na mchunga mbuzi huvua kila kilichoshonwa wakabaki na shuka mbili nyeupe, moja ya kiunoni na moja ya begani. Waliozoea suruali maisha yao yote ndio wanaohangaika siku hiyo. Mzee wa Mandera hujifunga huku akizungumza na jirani yake.

Lipo jambo jingine ambalo bawabu hawezi kulijua, kwa kuwa hatulifundishi vizuri shuleni. Kaskazini Mashariki, kumwambia mwanamume avue nguo yake si amri nyepesi. Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, maafisa wa usalama walikusanya wanaume, wakawavua nguo, wakawalaza juani siku kadhaa bila maji, wengi wakauawa. Serikali ilishikilia kwa miaka kwamba waliokufa ni 57. Walionusurika wamesema daima kwamba idadi ni kubwa zaidi mno. Simfananishi kijana wa mlangoni na watu wale. Ninachosema ni kwamba wazee wanaofika mlangoni pake wanakumbuka.

Na wanakumbuka jingine pia. Desemba 21, 2015, wanamgambo walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, karibu na Elwak, wakataka Waislamu na wasio Waislamu watengane. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, abiria 28 walikuwa wameuawa karibu na Mandera kwa utaratibu huo huo. Safari hii abiria walikataa kutengana. Abiria Waislamu waliwapa wenzao Wakristo mavazi yao wajifunike ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi katika kukataa huko, akafariki hospitalini Januari 2016. Wahenga wanisamehe, lakini ndani ya basi lile nguo ya kuazima ilisitiri. Watu wanaojua hivyo thamani ya kumfunika mwenzao wanastahili kutoulizwa mlangoni kama wamevaa nguo.

Sidai sheria kubwa kwa kuanzia. Serikali za kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, pamoja na Lamu na Tana River, zinaweza kuandika waraka wa ukurasa mmoja kwa walinzi wa ofisi zao: maawisi, kikoi, msuli na shuka ni mavazi, na mvaaji ahudumiwe. Wizara zifuate. Bunge litakapochoka na tai zake, nalo litajua la kufanya. Na sisi wenye kazi za mshahara tuzivae hadharani, mchana, si magharibi tu tukiwa barazani, kwa maana bawabu hujifunza kwa anachokiona kikipita.

Yule mzee alipata karatasi zake siku ile ile. Alipotoka aliingia tena ndani ya maawisi yake, akavua suruali kwa chini bila kuonekana, akauviringa ukingo mara nne, akanikabidhi ile suruali akisema niitafutie mwenyewe.

Nawe kijana uliye mlangoni, kesho atakuja mwingine. Mtazame kama amesitirika. Akiwa amesitirika, mfungulie.